Masizi Kwenye Ncha ya Mbele

Tulipotoka kumzika shemeji yangu Ezekieli, mwezi wa tatu mwaka huu, nilifungua droo ya chini ya kabati langu nikatoa kisanduku cha kadibodi ambacho kimekaa humo karibu miaka hamsini. Ndani yake mna darubini fupi nyeusi ya bastola, bado imo ndani ya karatasi yake yenye nta, na skrubu zake nne. Haijawahi kufungwa juu ya silaha yoyote. Niliifungua, nikaishika na kunyoosha mkono kuelekea dirishani, kwa sababu darubini ya bastola si kama ya bunduki. Ukiibandika jichoni huoni chochote, inataka mkono ulionyooka ndipo picha ijae. Nikamwona kunguru juu ya ukuta wa jirani, nikaona hata unyoya mmoja uliokaa vibaya ubavuni mwake. Mkono wangu ukatetemeka, naye kunguru akatetemeka, ukuta ukatetemeka, mtaa mzima wa Kangemi ukatetemeka ndani ya kile kioo. Mke wangu akauliza ninatafuta nini. Mambo niliyokuwa nikiyatafuta yalitokea mwaka wa sabini na sita, mwaka wa mwisho kabla serikali haijafunga uwindaji, na hakuna kioo cha kuyafikia.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa fundi wa bunduki. Duka letu lilikuwa katikati ya mji, kwenye kijia nyuma ya maduka makubwa ya vitambaa, chumba kirefu chembamba kilichonuka mafuta ya mitambo na achari. Achari ilitoka kwenye chakula cha mwenye duka, Mzee Gurmit, Kalasinga wa Parklands ambaye mkewe alimfungia kila asubuhi vyombo vinne vya bati vilivyopandana: dengu, chapati, mboga, na hicho kidogo cha juu chenye achari ya maembe iliyonifanya nitokwe na machozi. Saa sita na nusu alikuwa akifagia chembe za chuma kwa mkono, anatandaza gazeti juu ya benchi, na kunikatia chapati katikati bila kuniuliza kama nina njaa. Tulikula tukitazamana, jiriwa ya kubania vyuma ikiwa kati yetu. Nimekula kwenye hoteli nyingi tangu hapo, lakini nikisikia harufu ya chuma kilichopigwa tupa, mate hunijaa mdomoni.

Mzee Gurmit alisifika kwa vilengeo. Kwa asiyejua silaha, niseme hivi: bastola ya kawaida ina kipande cha chuma nyuma chenye mwanya, na kule mbele, mwishoni mwa mtutu, ina ncha iliyosimama. Unaiweka ncha katikati ya mwanya, kisha unaiweka juu ya unachotaka kukipiga. Vitu vitatu, kila kimoja umbali wake, na jicho la binadamu linaweza kukiona vizuri kimoja tu. Kila fundi atakwambia utazame ncha. Mnyama na awe ukungu, mwanya na uwe ukungu, lakini ncha iwe kali kama wembe. Mzee Gurmit alizichonga ncha hizo kwa tupa, kwa mkono, na akimaliza aliwasha koroboi ndogo iliyokaa kwenye rafu, akaipitisha ncha juu ya moshi polepole mpaka ikawa nyeusi tii, isiyong'aa hata juani. Hakuna silaha iliyotoka dukani bila moshi huo. Wateja walisimama kimya wakitazama, kama watu waliokuja kubatiza mtoto. Kisha aliwaambia neno lile lile, "Kila siku nakwenda piga, kwanza paka moshi. Kiberiti tu natosha. Chuma nang'aa nadanganya macho."

Jambo ambalo wateja hawakulijua, nami nililijua, ni kwamba mwaka ule Mzee Gurmit hakuwa akiona. Mtoto wa jicho alikuwa ameingia macho yote mawili. Hakuniambia. Nilijua kwa sababu alianza kusema, "Amosi, leo mikono yako laini, maliza wewe," na leo hiyo ikawa kila siku. Nilichonga mimi, kisha yeye alichukua kazi, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ncha, mbele na nyuma, ameinua uso kuelekea dari kama mtu anayesikiliza. Ukucha ule uliona kuliko macho ya watu wengi. Palipokuwa na kovu jembamba kama unywele aliligundua. "Hapa," alisema, nami nilirudia. Alikuwa amenifundisha kila nilichokijua, na mwaka ule nilikuwa nikimrudishia macho yake bila sisi wawili kulitaja jambo hilo. Kama habari zingetoka nje, nani angemletea silaha fundi kipofu?

Kangemi nilikaa kwenye ploti ya vyumba vya mbao, na chumba kilichoshikana na changu kilikuwa cha dada yangu Rebeka na mumewe, Ezekieli. Rebeka aliuza mboga sokoni na alinipikia. Ezekieli kazi yake ilikuwa kufuata nyayo. Wawindaji wenye vibali walimchukua kwenda naye msituni, na yeye ndiye aliyesoma ardhi: huyu amepita asubuhi, huyu ni jike, huyu anachechemea. Alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno ya taratibu, na alipenda kunichokoza wakati wa kula. Rebeka akileta mboga ya mrenda na ugali, yeye alisema, "Mpe fundi kijiko, mrenda utamteleza kwenye vidole vyake vya tupa," nami nilimwambia ale haraka kabla hajaanza kuufuata kwa nyayo. Ukuta kati yetu ulikuwa ubao mmoja. Nilisikia wakisali, nilisikia wakibishana, nilisikia kijiko kikianguka. Nilifahamu maisha yao kama mtu anavyofahamu redio ya jirani.

Bosi aliyempenda sana Ezekieli aliitwa Bwana Karanja, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye shamba huko Limuru na nyumba Kileleshwa, enzi zile Kileleshwa ikiwa nyumba za chini zenye bustani kubwa na ua wa michongoma. Siku moja, mvua ndefu zikiwa zimekwisha, aliingia dukani amebeba sanduku. Akalifungua juu ya benchi. Ndani mlikuwa na bastola ya risasi moja yenye mtutu mrefu kuliko wowote niliowahi kuuona, na pembeni yake, ndani ya kadibodi, ile darubini.

"Mzee, rafiki yangu wa Amerika ameniletea hii," alisema. "Huko kwao wanapiga paa na bastola, si bunduki. Mimi nataka pongo wa msituni. Mmoja tu, dume. Kibali nimeshaahidiwa. Sasa niambie ukweli, niweke darubini au niache hivi vya chuma?"

Mzee Gurmit aliipokea bastola, akaipima uzito kwa mikono miwili. "Darubini ya nini? Wewe nakuwa mzee?"

Bwana Karanja akacheka. "Mzee ni wewe."

"Basi. Mimi mzee, na mimi hapana weka glasi juu ya bastola. Msitu iko ukungu, iko mvua, glasi nakufa. Mkono natingika kidogo, ndani ya glasi natingika kama nyumba naanguka. Pongo natoka hapa, wewe natafuta yeye ndani ya tundu, yeye nafika Naivasha. Chuma nainua, naona, napiga. Kwisha."

Hayo yote yalikuwa kweli. Kwa mtu mwenye macho mazima, kwenye kichaka kizito, ningesema hivyo hivyo. Lakini dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimempa Bwana Karanja kitabu cha kuandikisha silaha atie sahihi, naye alikuwa amekisogeza mbali, akakisogeza zaidi, mkono ukaisha, kisha akajipapasa mfukoni na kuniambia, "Nisomee hapo, kijana, miwani nimeiacha kwenye gari." Mara iliyopita pia alikuwa ameiacha kwenye gari. Ncha ya bastola hukaa mwisho wa mkono ulionyooka, na mkono wake ulikuwa umekwisha kabla maandishi hayajasomeka. Darubini ingemsaidia. Ndani ya darubini hakuna vitu vitatu, kuna picha moja tu, na msalaba mwembamba juu yake, na jicho la mzee linaiona kama la kijana.

Aligeuka akanitazama. "Na wewe, fundi kijana? Ungenishauri nini?"

Nimekirudia kitambo hicho mara nyingi kuliko sala yoyote. Mzee Gurmit alikuwa amesimama na bastola mkononi, uso wake ukielekea upande wangu lakini si kwangu hasa, kidogo kando, kama alivyokuwa akifanya siku hizo. Kama ningesema darubini, ningekuwa nimesema kwamba Bwana Karanja ni mzee mbele ya uso wake, na kwamba mwalimu wangu amekosea mbele ya mteja. Na Bwana Karanja angeuliza kwa nini, nami ningeanza kueleza habari za macho, na katika chumba kile habari za macho zingeishia wapi? Nikasema, "Mzee ameshasema."

"Basi ni chuma," alisema Bwana Karanja, na nilimwona akifurahi, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba hana ugonjwa. Darubini akaiacha. "Ikae hapa. Sitaihitaji."

Jumamosi alinichukua kwa gari kwenda kwake Kileleshwa nikapime kiganja chake kwa ajili ya mpini. Tuliketi kwenye baraza yenye viti vya matete, tukaletewa chai ya maziwa na mahamri, na kutoka ndani nikamsikia mkewe. "Baba Wanjiru, miwani yako iko kwenye friji, juu ya mayai. Jana umetia chumvi kwenye chai ya pasta wetu ukasema ni sukari, akainywa yote kwa heshima." Bwana Karanja alinitazama akatabasamu. "Wanawake," alisema, na nikatabasamu pia, nikakizungushia kiganja chake utepe. Nilimfikiria huyo mchungaji akinywa chai ya chumvi. Sikujua bado kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nikinywa chai kama ile.

Ezekieli ndiye angekwenda na Bwana Karanja msituni. Nililijua hilo tangu mwanzo, lakini uzito wake niliuona jioni moja niliposikia mazungumzo yao ng'ambo ya ubao. Rebeka alikuwa akichambua mboga. Nilisikia mabua yakikatika.

"Huyo bosi wako anaona?"

"Anaona. Mlango wa gari huwa hakosi."

"Nakuuliza vizuri, Ezekieli."

"Mimi ndiye macho yake, mama. Nikisema kushoto, anatazama kushoto."

"Na risasi je, nayo utaishika mkono?"

Ezekieli akasema, kwa sauti aliyotumia kwa mambo asiyoyapenda, kwamba pongo ni mnyama mdogo, na watu humdharau, lakini pongo aliyepigwa vibaya hakimbii mbali. Hujilaza kwenye kichaka, pembe zikiwa chini, akikutazama unavyokuja. Hatoi sauti. "Mbwa wamekufa kwa hao," alisema. "Watu pia. Lakini damu ikianguka lazima mtu aifuate. Bosi haifuati damu. Naifuata mimi." Mabua yakaendelea kukatika. Nilikuwa nimeketi kitandani na kiatu kimoja mkononi, na nikaelewa kwamba swali nililoulizwa dukani halikuwa juu ya bastola ya Bwana Karanja. Lilikuwa juu ya mtu huyu aliyekuwa akila ugali nami kila jioni.

Kusema nilikuwa nimeshindwa. Nikabaki na mikono. Nilikuwa na shati moja jeupe la kanisani, lenye vifungo vyeupe vya chaza vinavyong'aa kidogo. Nilikata kimoja. Dukani, Mzee Gurmit alipokwenda benki, nilitoboa tundu dogo nyuma ya ncha ya mbele, upande unaotazamana na mpigaji, nikachonga kipande cha kifungo kikawa duara la ukubwa wa kichwa cha pini, nikakipachika humo kwa gundi. Niliinyoosha bastola kuelekea kona yenye kivuli chini ya rafu. Ncha ilikuwa inaonekana kama nyota. Mtu mwenye macho mabovu, jioni, msituni, angeiona. Basi nikaketi kukisawazisha, kwa sababu nilijua ukucha utapita hapo. Nilikipiga msasa mpaka kikalingana na chuma, mpaka ukucha wangu mwenyewe haukujua chuma kinaishia wapi na kifungo kinaanzia wapi. Nilijivunia. Naona aibu kusema, lakini nilijivunia.

Bwana Karanja alikuja kuichukua saa sita mchana. Mzee Gurmit aliishika, akainua uso kwenye dari, ukucha ukapita juu ya ncha, ukarudi, ukapita tena. "Safi," alisema. "Kama siagi." Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu, akaiwasha koroboi.

Nilikuwa nimesahau moshi. Miaka minne nimefanya kazi chini ya moshi ule, nimeunusa kila siku, nikausahau. Nilisimama pale nikamtazama akiipitisha ncha juu ya ule mwali, polepole, kwa upendo, na kile kidoa cheupe kikawa kijivu, kisha kahawia, kisha kikawa hakipo. Hatua mbili zilinitenga naye. Ningeweza kusema, Mzee, kuna nyeupe hapo. Naye Bwana Karanja angesema, nyeupe gani, Mzee hukuiona? Mkono wa yule mzee ulikuwa imara, hautetemeki, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayefanya jambo ambalo bado analiweza. Kisha akampa Bwana Karanja maneno yake, "Kila siku nakwenda piga, kwanza paka moshi," naye Bwana Karanja akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Tulikwenda wote watatu kuijaribu kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji. Jua la mchana, karatasi nyeupe, ncha nyeusi. Kwenye mwanga mkali mboni hujikaza na kuwa ndogo, na jicho la mzee huona kama la kijana kwa muda. Bwana Karanja alipiga risasi sita, na ungeweza kuzifunika zote kwa kiganja. Mzee Gurmit alishangilia kwa kusikia tu tulivyoshangilia sisi. Bwana Karanja alinipiga begani. "Unaona? Darubini ya nini."

Jioni ile nilimwita Ezekieli nje, karibu na bomba la maji, nikamweleza. Nilimwambia kuna kidoa cheupe kwenye ncha, chini ya masizi. Nilimwambia, "Shemeji, asubuhi kabla hamjaingia msituni, chukua kitambaa uifute ncha ya mbele. Basi."

"Silaha ya bosi mimi naibeba tu," alisema. "Sifanyi mambo nayo."

"Unaifuta tu. Ni kama kumpangusia kiatu."

Akanitazama kwa muda, maji yakimwagika kwenye mtungi uliokwisha kujaa. "Kwani wewe mwenyewe umeshindwa kumwambia?"

"Nimeshindwa."

"Haya," alisema. Akafunga bomba.

Siku tatu baadaye, gari la Bwana Karanja lilisimama mbele ya duka saa nne asubuhi. Aliingia peke yake. Kofia alikuwa ameivua na hakujua aiweke wapi. Alisema walikuwa ukingoni mwa msitu wa mianzi, upande wa Kinangop, jua likielekea kuzama, na pongo dume alitoka kama alivyotabiriwa, akasimama ubavu, mbali kama kutoka pale hadi kona ya kijia. Alipiga. Pongo akaruka, akaingia kichakani, tumbo likiwa limepasuka. Ezekieli alimwambia wasubiri, kisha giza likatishia, akasema bora aifuate damu ingali inaonekana. Akaingia. "Sikusikia kitu," alisema Bwana Karanja. "Ndilo jambo linalonishangaza. Sikusikia kitu chochote, halafu nikamsikia akiniita kwa jina langu, bila bwana. Karanja, alisema. Karanja, njoo."

Pembe iliingia kwenye paja la Ezekieli, karibu na nyonga, ikakata mshipa wa fahamu. Alilala hospitalini miezi miwili. Niliingia wodini kila jioni, na Rebeka alikuwa pale na bakuli la uji, akimlisha kijiko kwa kijiko ingawa mikono yake ilikuwa mizima. Mguu ulibaki, lakini ulikuwa umekufa kuanzia gotini. Aliuburuta maisha yake yote. Hakufuata nyayo tena, na mwaka uliofuata hakuna aliyefuata, maana uwindaji ulifungwa. Bwana Karanja alimpa kazi ya lango pale Kileleshwa, na kila Krismasi alimletea kitu yeye mwenyewe, akiketi naye kwenye kibanda cha mlinzi. Siwezi kumchukia mtu huyo. Nimejaribu.

Bastola aliirudisha wiki ile ile, akasema hataki kuiona. Mzee Gurmit aliiweka kwenye benchi, akapitisha ukucha juu ya ncha, mara nyingi sana. "Amosi," aliniuliza, "ncha ilikuwa sawa?" Nikasema, "Ilikuwa sawa, Mzee." Akaendelea kuipapasa. Siku ile hatukula chakula chake. Vile vyombo vinne vilirudi Parklands vimejaa. Alipoondoka niliipeleka bastola dirishani. Ncha ilikuwa nyeusi, masizi mazito, hakuna hata dalili ya weupe. Nikasema moyoni, Ezekieli hakufuta. Nilimwomba jambo moja naye hakulifanya. Duka lilipofungwa kabisa, Mzee alinipa darubini. "Chukua," alisema. "Mimi hapana taka ona." Huenda ndipo alipokaribia zaidi kuniambia habari za macho yake.

Kwa hiyo nimeishi na Ezekieli kama ndugu, nimemsaidia kupanda ngazi, nimecheza naye drafti Jumapili zote hizo, na chini kabisa ya moyo nimekuwa na neno hilo dogo: hakufuta. Lilinisaidia. Mtu akiwa na hatia kubwa hutafuta wa kumshikia upande mmoja. Sikumwambia kamwe.

Mwezi wa pili mwaka huu, alipokuwa amelazwa nyumbani na sote tukijua kwamba hangeinuka tena, niliketi kando ya kitanda chake. Mchana, mlango wazi, kuku wakipekua uani. Rebeka alikuwa jikoni. Ezekieli alikuwa akitazama mkono wa shati langu, na ghafla akasema, "Ile nyeupe uliyoweka kwenye bastola ya Karanja. Ilikuwa ya nini? Pembe?"

"Kifungo. Cha shati langu la kanisani."

"Kumbe." Akacheka kidogo, kicheko kilichomkereketa kifuani. "Dada yako aliwahi kusema umepoteza kifungo, akakushonea cheusi. Kanisa zima lilikiona."

"Uliiona wewe? Ile nyeupe?"

"Niliifuta asubuhi ile, kama ulivyoniambia. Ilikuwa inang'aa vizuri sana. Kisha jioni, kabla pongo hajatoka, Karanja aliitazama ncha, akaisogeza mbali, akaniambia, Ezekieli, imeingia uchafu hapa. Akatoa kiberiti. Akawasha kimoja, cha pili, akaipaka moshi, pole pole, vile Kalasinga alivyomfundisha." Akavuta shuka kifuani. "Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Karibu naye kama wewe ulivyo sasa."

"Mbona hukumwambia?"

Aligeuza kichwa juu ya mto akanitazama, na hapakuwa na lawama usoni mwake. "Ningemwambia nini, shemeji? Kwamba haoni?"

Tulianza kucheka. Sijui ni nani aliyeanza. Tulicheka kwa sauti ndogo, kama watoto kanisani, machozi yakinitoka, yeye akishika ubavu kwa maumivu. Rebeka akaingia na chai kwenye trei, akatutazama mmoja baada ya mwingine, dada yangu aliyempandisha mtu huyu kitandani na kumshusha kitandani kwa miaka yote hiyo na hajawahi kujua kwa nini. "Mnacheka nini?" aliuliza.

Ezekieli akanitazama. Nami nikamtazama.

"Hakuna," tukasema.